Bustani Haishuki

Watu wa mtaa wetu wana maneno mengi juu yangu, na mimi sina haja ya kuyakanusha. Ni kweli nilimpakia mume wangu kwenye vespa, mimi mbele yeye nyuma, nikamfunga kiunoni kwangu kwa kanga kama mtoto anayebebwa mgongoni. Ni kweli tulianguka kule kijijini Uroa. Ni kweli pia kwamba mwanamke wa umri wangu, aliyekwishaozesha, anatarajiwa akae ukumbini na tasbihi yake asubiri wajukuu waje Ijumaa. Tasbihi ninayo. Wajukuu wanakuja. Lakini nyumba yangu ina paa, juu ya paa pana bustani, na bustani hiyo ndiyo iliyozusha maneno yote haya.

Nyumba yetu iko ndani kabisa ya Mji Mkongwe, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja lazima ajibanze ukutani. Chini huwezi kupanda chochote. Ardhi hakuna na jua halifiki. Kwa hiyo tangu tulipooana tulipanda juu, kwenye sakafu ya paa, ndani ya madebe ya samli, ndoo zilizotoboka, sufuria zilizokatika mikono na pipa moja la bati tulilolikata katikati. Ngazi za kufikia huko ni za kizamani, nyembamba na zimesimama wima, na pembeni kuna kamba ya kushikilia iliyofungwa na mume wangu mwenyewe. Maji tulipandisha kwa ndoo. Kila aliyekuja kututembelea alisema tumechagua pahala pabaya pa kupanda maua, kisha akishafika juu huko hataki kushuka.

Mume wangu alikuwa fundi umeme, na mimi nilikaa miaka mingi nyuma ya kaunta nikiuza stempu. Hatukuwa watu wa kusafiri mbali. Safari zetu zilikuwa za kisiwa hiki hiki, kila Jumapili tukijaaliwa, kwenye vespa yetu ya buluu. Yeye akiendesha, mimi nimekaa upande kama ilivyo adabu, nimeshika buibui kwa mkono mmoja na chupa ya chai kwa mkono wa pili. Tukipita njia ya Jozani alipunguza mwendo kwenye kivuli cha miti mikubwa, na kima punju wakituangalia kutoka matawini kwa dharau yao ile ile. Tulikwenda kusini, tukaenda mashariki, tukakaa ufukweni tukala maandazi yetu, tukaangalia bahari inavyokupwa mpaka ikawa mbali kabisa. Watu waliniuliza, "Nyie mnakwenda kufanya nini huko kila wiki?" Nikawajibu kwamba tunakwenda kuangalia. Hawakuridhika, wakadhani kuna kiwanja tunakitafuta.

Tulikuwa na sharti letu moja: hakuna kununua mche. Ukiona ua zuri kwenye ua wa mtu, unapiga hodi, unasalimia, unasema mashaallah, kisha unalisifu lile ua. Unguja hii, mwanamke akisifiwa ua lake hawezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Anaingia ndani, anatoka na kisu, anakukatia tawi, anakuzungushia kitambaa kibichi. Na sisi tulikuwa na miche yetu kwenye kikapu, tunamwachia mmoja. Hivyo langilangi yetu ilizaa langilangi nyingine Uroa, na mkadi wa Uroa, mti wa pwani wenye maua ya kunukia, ukaja kukaa mjini ndani ya nusu pipa. Afu, ile asumini ya mwitu, ilitoka kwa bibi mmoja anayekaa kando ya njia ya Jozani, ambaye alituonya tusithubutu kugusa hata jani ndani ya msitu wenyewe, kisha akatukatia za kwake mpaka kikapu kikajaa. Waridi jekundu lilitoka Makunduchi. Nikisimama juu ya paa langu nilikuwa nimesimama juu ya kisiwa kizima, na nilikuwa najua kila debe limetoka mlango gani.

Kaskazi ndiyo ilikuwa wakati wetu. Miezi ile ya joto baina ya vuli na masika, mji unapotokota na watu wanalala na madirisha wazi, asumini huzaa mpaka unachoka kuchuma. Huchumwa alasiri zingali zimefumba, zinatungwa kabla ya maghrib, na zinafunguka usiku zikiwa mwilini mwako. Alhamisi jioni nilishuka dukani nimebandika kikuba kifuani, asumini na rehani na kipande cha mkadi na langilangi vimefungwa pamoja kwa uzi, kimenyunyiziwa marashi kidogo. Wanawake walinisimamisha. "Bi, vidole vyako hivyo, sijui ulifunzwa na nani."

Sikufunzwa na mtu. Mimi kufunga kikuba siwezi. Nikifunga mimi kinamwagika kabla sijafika mlangoni. Aliyekuwa akifunga ni mume wangu.

Mama yake alikuwa akiuza asumini na vikuba sokoni Darajani, na yeye, kitinda mimba, alikaa miguuni pake akitunga. Mwanamume kufunga vikuba si jambo la kutangaza, basi hatukulitangaza. Wiki tuliyooana alinikalisha juu ya paa lile, akatoa uzi mfukoni, akanifungia kimoja, akanibandika mwenyewe. Akasema, "Huku nje waambie umefunga weye." Nilikubali, na kila Alhamisi ya ndoa yetu niliitembeza kazi ya mikono yake mtaani huku nikisifiwa mimi. Kilikuwa kichekesho chetu wawili.

Mwisho wa vuli mume wangu alipigwa na kiharusi. Aliamka asubuhi upande wa kulia haumtii, mdomo umekwenda upande, na maneno hayatoki. Alikaa hospitali, akarudi nyumbani akiwa amebebwa. Mtaalamu wa mazoezi alituambia mguu utarudi ukifanyishwa kazi, maneno yatarudi kidogo kidogo, na mkono wa kulia tusiutegemee sana.

Kisha wakaja wageni. Siwalaumu kwa kuja, kuja ni wema. Nawalaumu kwa jinsi walivyokaa. Walikaa kwenye viti vya ukumbini wakazungumza kwa sauti ya matangani, na yeye amelala pale pale anawasikia. Waliniuliza mimi mgonjwa kala nini, mgonjwa kalalaje, wakati mgonjwa mwenyewe ana masikio mawili mazima. Mmoja alinishika bega akaniambia, "Subiri, ndiyo ibada yako sasa." Nilimjibu kwamba ibada yangu naijua, na huyu ni mume wangu. Amenuna mpaka leo.

Lakini aliyenitia hofu ya kweli alikuwa wifi yangu. Ni dada yake mkubwa, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemalizia kumlea, kwa hiyo ana haki ya kusema na anaijua. Anakaa Fuoni kwenye nyumba pana ya chini, kiwanja chote kimepigwa saruji, hakuna hata jani moja. Alikuja na makapu ya chakula, akamwosha mdogo wake bila ya kuomba ruhusa ya yeyote, akapiga deki ukumbi, kisha akanivuta jikoni.

"Wifi, hii nyumba si ya mgonjwa. Ngazi hizi zitamuua mdogo wangu. Kwangu mimi hakuna hata kizingiti. Nnamtia chumba cha mbele, nnamwona nikiwa jikoni. Na weye njoo, nani kakukataza?"

"Na bustani?"

Alinitazama kama mtu asiyeamini alichokisikia. "Mtu kaanguka, weye unanambia maua?"

"Ndiyo. Nakwambia maua."

"Basi yashushe hayo madebe yako uyapange hapa ukumbini, ayaone huku amelala. Ushamaliza."

"Hayashuki," nikasema. "Yeye ndiye atakayepanda."

Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu niliogopa. Wifi hakuwa mtu mbaya. Kila alichokisema kilikuwa na akili ndani yake, na hilo ndilo lililonitisha. Nilijua akienda Fuoni atatunzwa vizuri sana. Ataoshwa, atalishwa, atafunikwa shuka safi, atakuwa mdogo wa mtu na mgonjwa wa watu wote, na mimi nitakuwa mgeni anayekaa kwenye ukingo wa kitanda. Mume sitakuwa naye tena. Wifi akaniambia atanipa kaskazi yote. Masika yakiingia ngazi zetu zinarowa na kuteleza, hilo hata mimi nalijua. "Masika yakinikuta bado kalala hapo, naja na gari namchukua. Na usinifungie mlango."

Basi tukaanza na ngazi. Nilisimama nyuma yake, yeye ameshika ile kamba aliyoifunga mwenyewe, mguu mzima kwanza, kisha ule mzito tukauvuta uufuate mwenzake. Siku za mwanzo hatukupita kona. Tulikaa katikati ya ngazi tukala ndizi, tukashuka. Wapangaji wa jirani walichungulia mlangoni wakatikisa vichwa. Yuko aliyesema namtesa mtu wa watu. Usiku nililia, nikajiuliza kama namtesa kweli, na asubuhi nikamwambia, "Simama twende."

Huko juu nako mambo yalikuwa mabaya. Nilipokuwa hospitali hakuna aliyemwagia maji, na kaskazi ile ilikuwa kali. Waridi la Makunduchi lilibaki kijiti. Mkadi wa Uroa ulikauka wote ndani ya pipa lake, ukawa kama fagio kuukuu. Asumini, rehani na langilangi tu ndizo zilizokaidi. Nilizimwagia maji ya kuoshea mchele, nikazisema kama watoto, zikachipua.

Siku aliyofika juu kwa miguu yake, nilimwekea kiti kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Akaangalia madebe, akaangalia mapaa ya mji na ndege wake, kisha akauliza, "Mkadi?" Lilikuwa neno lake la kwanza lililotoka safi. Nikamwonyesha pipa. Akafumba macho.

Nilichuma asumini nikamwekea kwenye sinia mapajani, pamoja na uzi. Alijaribu kwa mkono wa kushoto. Uzi ukateleza, asumini zikaponyoka, akajaribu kuushika kwa meno ukamkatikia. Alijaribu tena siku ya pili, na ya baadaye, mpaka siku moja akaisukuma sinia ikaruka, asumini zikatawanyika sakafu nzima. "Basi!" akasema. "Basi, basi!"

Nilipiga magoti nikaziokota moja moja. Siku hiyo nilimchukia kidogo, na nilijichukia zaidi kwa kumchukia. Nikairudisha sinia mapajani pake. "Hapa hakuna basi," nikamwambia. "Ukinuna nuna, lakini mimi Alhamisi nataka kikuba changu." Alininunia mpaka Jumatatu.

Sasa kikuba bila ya mkadi kwa mume wangu si kikuba. Mama yake hakuwa akiuza kisicho na mkadi. Mkadi unauzwa, najua, Darajani ungepatikana, na binti yetu alinishangaa kwa nini nisitume mtu. Lakini sharti letu ni sharti letu. Sikuwa tayari kulivunja mwaka ambao kila kitu kingine kilikuwa kimeshavunjika. Kama mkadi ulitoka Uroa, utatoka Uroa tena, na atakayeuomba ni sisi wawili.

Vespa ilikuwa imesimama chini ya ngazi, imefunikwa gunia. Binti yetu, anayekwenda kazini na skuta yake, ndiye aliyenifunza. Tulikwenda baada ya sala ya alfajiri kwenye uwanja mtupu, mimi nimevaa suruali ya kaka yake ndani ya buibui. "Mama, usiangalie tairi, angalia mbele," alinikalipia kila mara, akilipiza miaka yote niliyomkalipia yeye. Nilizimisha injini, nikaruka kama chura, nikaingia kwenye majani. Siku nilipoweza kuzunguka uwanja mzima bila ya kusimama nilipiga kigelegele peke yangu. Leseni niliitafuta na nikaipata, na anayetaka kuiona aje aione.

Mtaa mzima ulitoka siku tunaondoka. Nilimkalisha nyuma, nikamvisha kofia ngumu, nikampitishia kanga kiunoni na kuifunga mbele kwangu mafundo mawili, kwa sababu mkono mmoja haukutosha kumshikilia. Mzee wa duka la pembeni alisema, "Laa ilaha illallah! Mke anampakia mume!" Nikamjibu, "Alinipakia yeye umri mzima, leo zamu yangu." Nikatia moto.

Njiani askari alitusimamisha. Alikuja na uso wa kazi, kisha akaiona kanga, uso ukampotea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mnakwenda wapi na mzee, mmefungana hivi?"

"Uroa. Tunakwenda kuomba mkadi."

Alizunguka vespa, akaangalia leseni, akaangalia fundo. Mume wangu akamtolea mkono wa kushoto. Askari akaupokea kwa mikono miwili. "Nendeni pole pole, bibi," akasema. Nilikuwa nakwenda pole pole. Baiskeli zilitupita.

Sitaki kudanganya kuwa sikuogopa. Niliogopa kila gari lililotupita. Lakini kuna mahali barabara inapita baina ya minazi na upepo wa bahari unakupiga usoni kabla hujaiona bahari yenyewe, na hapo nilihisi kidevu chake kimekaa begani kwangu, na pumzi yake inakwenda taratibu. Miaka yote nilikuwa nimekaa upande nikiangalia kisiwa nusu. Siku ile nilikiona chote.

Tulianguka kijijini, karibu na mlango wenyewe. Mchanga laini, tairi ya mbele ikazama, vespa ikalala chini kwa heshima zote na sisi tukalala nayo. Hapo ndipo nilipoujua ubaya wa mafundo mawili. Sikuweza kuinuka bila yeye, na yeye hakuweza kuinuka bila mimi. Tulijibiringisha mchangani kama samaki wawili waliokwama kwenye wavu mmoja. Wanawake waliokuwa wakipanda kutoka pwani na magunia ya mwani vichwani waliyatua magunia wakaja mbio. Walipoona kilichotufunga walijikaza, maskini, wasicheke. Na katika kimya hicho nikasikia mtu anacheka mgongoni kwangu. Kicheko kilikuwa cha upande mmoja, chenye mkwaruzo, lakini chake. Akawaambia, neno kwa neno, akipumua katikati, "Mnisamehe. Dereva... mpya."

Basi walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nililia huku nacheka, na kiwiko kinanivuja damu.

Mwenye mkadi alitutambua. Alituonyesha langilangi tuliyomwachia zamani ikiwa mche wa kikapuni, sasa imepita paa lake na kivuli chake kinalaliwa na mbuzi. "Ule wangu umekufa?" akauliza. Nikasema umekufa. Akaingia kichakani na panga, akatukatia chipukizi la kupanda na ua moja lililoiva, harufu yake imejaa njia nzima. Tulirudi na gari la shamba la mtu wa kijiji hicho, vespa imelazwa nyuma pamoja na nazi, kwa sababu ujasiri wangu ulikuwa umekwisha kwa siku hiyo.

Habari zilifika Fuoni kabla sisi hatujafika mjini. Simu ililia nikiwa bado najifuta mchanga.

"Umemwangusha mdogo wangu!"

"Tumeanguka sote."

"Umemfunga na kamba ukamwangusha! Masika singoji tena. Kesho alasiri nnakuja na gari na watu wa kumbeba. Na ukinifungia mlango, wifi, naketi barazani mpaka unifungulie."

Nilikata simu. Mume wangu alikuwa amekaa mbele yangu na alisikia kila neno, maana wifi hana haja ya simu kusikika. Niliketi karibu yake. Nilimwambia, "Ukitaka kwenda, sitakuzuia. Dada yako anakupenda, na mimi nimekuangusha mchangani leo. Sema tu." Alifikiri. Kisha akanyanyua kidole cha mkono wa kushoto, akaonyesha dari.

"Juu," akasema.

Siku ya pili baada ya adhuhuri tulipanda. Tulichukua muda wetu. Nilimpangia sinia: asumini zilizofumba, rehani, langilangi, na ule mkadi wa Uroa nilioukata vipande. Mlango wa chini niliuacha wazi kabisa. Alianza kazi yake na mimi nikamwagia maji madebe, nimempa mgongo makusudi, kwa sababu alikuwa hapendi kuangaliwa. Nilisikia uzi unakatika. Nilisikia anaguna. Sikugeuka.

Alasiri tukasikia hodi, na viatu vya wanaume ukumbini, na sauti ya wifi ikizunguka chumba hadi chumba. "Mgonjwa yuko wapi? Wifi! Mgonjwa umempeleka wapi?"

Nikainamia kwenye uwazi wa ngazi. "Mgonjwa hayupo. Mume wangu yupo. Panda."

Kisha nikazisikia ngazi zinalia. Wifi ni mtu mzima, mzito, na magoti yanamsumbua, lakini si mtu wa kushindwa na ngazi mbele ya watu. Alisimama kwenye kona, akapumua, akaendelea. Alipotokeza juu, mtandio umeteleza na uso umelowa jasho, mdogo wake alimtazama kutoka kwenye kiti chake.

"Dada," akasema pole pole. "Ngazi... umeziweza. Kaa."

Wifi hakukaa. Alikuwa anaangalia mikono ya mdogo wake. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya sinia, umekandamiza ncha ya uzi kwa uzito wake tu. Wa kushoto ulikuwa unazungusha. Meno yalivuta fundo. Akaniita kwa kichwa, nikainama, na akanibandika kikuba kifuani. Kilikuwa kimepinda. Mkadi umetokeza upande mmoja, asumini mbili zilianguka hapo hapo, na fundo lilikuwa legelege. Sijapata kuvaa kitu kilichonipa kiburi kama kile.

"Kafunga yeye?" wifi akauliza.

"Siku zote anafunga yeye."

"Siku zote?"

"Tangu tuoane. Mimi kazi yangu kuvaa."

Ni lazima nieleze kwamba wifi yangu havai maua. Alipokuwa msichana alikwenda skuli akinukia asumini za mama yake za kuuza, wenziwe wakamcheka, na tangu hapo hakugusa uzi wala ua. Ile saruji ya Fuoni ina sababu yake. Alinisogelea. Alinyoosha mikono, akalikamata lile fundo kifuani kwangu, akalilegeza, akarudisha asumini zilizoanguka, akazungusha uzi kwa haraka ambayo macho hayakuweza kuifuata, akaupitisha chini, akavuta. Kikuba kikakaa sawa, kizuri, cha kuuzwa Darajani.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akifunga mama," akasema. Hata yeye mwenyewe alishangaa kuwa vidole havikusahau.

Nilimwonea huruma, wallahi. Ningeweza kumkumbatia mambo yakaisha. Lakini nilimwona mume wangu ameinamisha uso, anaangalia ule mkono wake wa kulia juu ya sinia, na nikayaona maisha yote ya Fuoni: kila atakachokianza yeye kitamaliziwa na mtu mwingine, kwa mapenzi na kwa ustadi. Nikakibandua kikuba. Nikalifungua fundo.

"Mbona unakifungua?" wifi akasema. "Nshakitengeneza!"

"Umekitengeneza vizuri sana. Lakini si wewe unayenifungia mimi."

Nikarudisha kila kitu kwenye sinia, asumini, rehani, mkadi, na uzi, nikaiweka mapajani kwa mume wangu. Alinitazama kwa hasira. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na alikuwa amechoka. Nilimwangalia vile vile. Akavuta pumzi, akaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya ncha ya uzi.

Chini mtu akaita, "Bi mkubwa, tupande tumbebe?"

Wifi alimwangalia mdogo wake anautafuta uzi, unamponyoka, anautafuta tena. Akanyoosha mkono nusu, akaurudisha. Kisha akakipindua kijindoo changu cha maji, akakikalia, akajipepea kwa mtandio.

"Nendeni zenu," akapaza sauti. "Hakuna wa kubebwa hapa."

Mji ulianza kuadhini, msikiti mmoja baada ya mwingine. Asumini zilifunguka mkononi mwake kabla hajamaliza, na hakuna aliyemsaidia.